Neno "news" halikuzaliwa na pande nne za dunia

Video fupi za kufundisha Kiingereza zimejaa kwenye simu zetu, na kuna aina moja inayopendwa kuliko zote: ile inayofichua "siri" ya neno. Sauti ya kompyuta, isiyokohoa wala kusita, inakuambia kwamba "news" ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Kwamba "golf" maana yake ni "gentlemen only, ladies forbidden", mabwana tu, wanawake marufuku. Kwamba "posh", yaani -a kifahari, ilipigwa muhuri kwenye tiketi za matajiri waliokwenda India kwa meli. Sekunde 40, picha ya meli, muziki kidogo, imekwisha. Kesho yake unaikuta kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na wiki ijayo iko ubaoni darasani. Watu makini wameanza kulalamika, na lalamiko lao ni kwamba akili mnemba inatunga uongo kuhusu lugha.

Lalamiko hilo limekosa shabaha. Akili mnemba haikutunga hadithi hizi, imezikuta. Ile ya "posh" ilikuwa ikisimuliwa Uingereza tangu miaka ya 1930. Mkusanyo mzima wa hadithi za "maisha ya miaka ya 1500", wenye mbwa na paka wanaoanguka kutoka paani na maiti wanaogonga kengele kaburini, ulisambaa duniani kwa barua pepe mwaka 1999. Jipya ni kwamba neno "inasemekana" limeondolewa. Msimuliaji wa zamani aliacha mlango wazi kidogo. Sauti ya kompyuta imeufunga. Na sisi wasikilizaji tulikuwa tumeshajenga mazoea mabaya kabla yake, ya kuamini kwamba hadithi ikikaa vizuri juu ya neno basi ndiyo asili yake. Hoja yangu ni kwamba asili ya neno hujulikana kwa tarehe, kwa njia ambayo sauti zake zimepita, na kwa ndugu zake katika lugha jirani. Hadithi isiyopita katika vipimo hivyo ni ngano, hata ikisimuliwa na mwenye shahada tatu.

Kwanza tujiulize kwa nini hadithi za herufi hutunasa upesi hivi. Msemaji wa Kiswahili wa leo amekulia katikati ya vifupisho vilivyogeuka maneno. TANU ya mwaka 1954 haikutamkwa herufi moja moja. UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini, lakini mtoto hulijua kama neno zima kabla ya kujua kwamba ni ufupisho. BAKITA, TAKUKURU, na juzi tu UVIKO. Ndiyo maana mtu akikuambia kwamba N ni kaskazini na E ni mashariki, sikio halishtuki, kwa kuwa ndivyo maneno yanavyotengenezwa mbele ya macho yetu. Lakini desturi hiyo ni ya karne ya 20. Katika Kiingereza ilishika kasi wakati wa vita kuu mbili, majeshi na maabara zilipohitaji majina mafupi ya vitu vipya. "Radar" ni ya 1940, kutoka Jeshi la Majini la Marekani. "Laser" ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata jina lenyewe la Kiingereza la vifupisho vya namna hii, "acronym", lilianza kuzoeleka miaka ya 1940. Basi neno likiwa limeandikwa kabla ya 1900, na mtu akadai kwamba kila herufi yake ni neno, yeye ndiye anayedaiwa ushahidi.

Tulipime "news" kwa kipimo hicho. Lilianza kutumika kwa maana ya habari mwishoni mwa Zama za Kati, na kwa muda mrefu waandishi waliliandika "newes". Hiyo E ya pili ni upande gani wa dunia? Isitoshe, hakuna nahodha anayetaja pande za dira kwa kuruka kutoka mashariki hadi magharibi kisha kurudi kusini; dira huzungukwa. Maelezo ya kweli hayana siri: ni kivumishi "new", yaani -pya, kilichowekwa katika wingi, "mambo mapya", kama Wafaransa wanavyosema "nouvelles" na kama Kilatini kilivyotumia "nova". Lugha tatu zimefuata njia moja, na mbili kati yake hazihitaji pande za dunia kueleza neno lao. "Golf" nayo haihitaji mjadala mrefu. Mwaka 1457 Bunge la Scotland lilipiga marufuku mchezo huo pamoja na mpira wa miguu kwa sababu vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya kupiga mishale. Neno lenyewe linaelekea kuwa ndugu wa "kolf" ya Kiholanzi, yaani rungu au gongo la kuchezea. Wakati ule tahajia ya neno ilibadilika kutoka mkono wa karani mmoja hadi mwingine, na neno lisilo na tahajia moja haliwezi kuwa kifupisho cha herufi zake.

Kisa cha "cabal", yaani kundi dogo linalopanga njama, kinafundisha zaidi, kwa sababu herufi zake ni za kweli. Karibu mwaka 1670 mfalme Charles II wa Uingereza alikuwa na washauri watano: Clifford, Arlington, Buckingham, Ashley na Lauderdale. Soma herufi za kwanza, zinatoa CABAL. Hakuna aliyezipindisha. Lakini neno lilikuwa limeshaingia katika Kiingereza miongo kadhaa kabla yao, kupitia Kifaransa "cabale", ambalo linatokana na "kabbalah" ya Kiebrania, mapokeo ya siri yaliyopokelewa kutoka kizazi hadi kizazi. Watu wa London waliona bahati ya herufi, wakafurahi, na furaha hiyo ikalipa neno nguvu mpya. Hapa tarehe peke yake ndiyo inayotenganisha kilichozaa neno na kilicholikuta limeshazaliwa. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulikumbuka: mzizi wa Kisemiti wenye sauti q, b na l, wenye maana ya kupokea, ndio huohuo uliokuja kwetu kupitia Kiarabu katika "kubali". Neno la wala njama wa Uingereza na neno letu la kuridhia ni watu wa ukoo mmoja.

Ni haki kukiri kwamba kipimo cha tarehe hakiui kila hadithi ya herufi. "OK" kweli ni herufi. Kwa miaka mingi watu waliitafutia asili katika lugha ya Wachoktaw wa Marekani, katika Kiwolofu, katika Kigiriki na kwingineko. Mtafiti Allen Walker Read ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1960, njia yenye maandishi: gazeti moja la Boston, toleo la tarehe 23 Machi 1839, lilichapisha "o.k." na kueleza papo hapo kwamba ni "all correct", yote sawa, iliyoandikwa kwa makusudi kwa tahajia mbovu ya "oll korrect". Uchekeshaji wa namna hiyo ulikuwa mtindo wa magazeti ya wakati ule. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, waliichukua kama kifupisho cha "Old Kinderhook" katika kampeni, na vifupisho vingine vya mtindo ule vilipokufa, hicho kikabaki. Tazama tofauti. Hadithi ya "OK" ina ukurasa, ina siku, ina mwendelezo. Ile ya "posh" haina hata tiketi moja.

Na "posh" inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo hadithi iliyotungwa vizuri kuliko zote. Inasema abiria tajiri alilipia chumba cha upande wa kushoto wa meli wakati wa kwenda India na upande wa kulia wakati wa kurudi, akwepe jua, na herufi za kwanza za maneno hayo manne kwa Kiingereza, "port out, starboard home", zikaandikwa kwenye tiketi yake. Kijiografia inaelekea. Meli inayokata Bahari ya Arabu kwenda mashariki ina kaskazini upande wake wa kushoto, na upande huo haupigwi sana na jua. Lakini tiketi za meli hizo zimehifadhiwa, barua za abiria zimehifadhiwa, vitabu vya kampuni vimehifadhiwa, na kampuni ya P&O iliyohudumia njia hiyo haina kumbukumbu ya tiketi ya namna hiyo. Kwa upande mwingine, kamusi ya misimu ya mwaka 1890 tayari ina "posh" kwa maana ya mtanashati, na kabla ya hapo neno lilitumika mitaani kumaanisha sarafu ndogo, pengine kutokana na "posh" ya lugha ya Waromani (jamii ya wahamaji wa Ulaya) yenye maana ya nusu. Kamusi nzuri huishia na maneno "asili haina hakika". Wengi husoma maneno hayo kama udhaifu. Ni kinyume chake, na nitalirudia jambo hili mbele.

Kipimo cha pili ni sauti, na hapa sisi tuna mfano bora kuliko wowote unaopatikana vitabuni: Kariakoo. Mtu asiyejua akiambiwa kwamba jina la soko la Dar es Salaam limetoka "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, anaweza kudhani ni ngano nyingine ya mtandaoni. Lipime. Tarehe inakubali: Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na jengo la soko walilolijenga Wajerumani likawa kambi ya wapagazi hao. Sauti inakubali kwa ushahidi mzito zaidi. Neno "Corps" limetoka Kifaransa, na P na S zake hazitamkwi. Msikilizaji anasikia "koo". Laiti jina hilo lingeingia Kiswahili kupitia maandishi, leo tungekuwa na kitu kama "Kariakopsi". Hiyo "-koo" inathibitisha kwamba jina lilipokelewa kwa sikio, kutoka kinywani mwa askari hadi kinywani mwa mpagazi. Halafu kuna ndugu wa jina hilo: Kariokor ya Nairobi, mji uliokuwa na kambi ya kikosi hichohicho. Vipimo vyote vitatu vimekubali. Kwa hiyo uajabu wa hadithi si sababu ya kuikataa, kama ambavyo uzuri wake si sababu ya kuipokea.

Sauti pia huonyesha jinsi lugha inavyokata neno la kigeni mahali pasipo na kiungo. Sisi tulisoma kibao cha barabarani cha "Keep Left", tukasikia "kipilefti", tukaiona "ki-" ya ngeli yetu na kuzaa "vipilefti". Tulichukua "mudguard", tukasikia "madigadi", tukadhani "ma-" ni ya wingi, tukabaki na "digadi" moja. Kwa Kiarabu, K ya "kitabu" ni sehemu ya mzizi wenyewe wa kuandika. Kwetu imekuwa kiambishi, na wingi ni "vitabu". Waingereza walifanya vivyo hivyo. Aproni yao iliitwa "a napron", kutoka Kifaransa cha kale "naperon". Sikio likahamisha N na kuipa neno dogo lililotangulia, "a", ikawa "an apron". Ushahidi uko jikoni: ndugu yake "napkin" bado ana N yake. "Nickname", yaani jina la utani, lilikwenda njia ya kinyume: lilikuwa "an ekename", jina la nyongeza, likapokea N isiyo yake. "Cherry" ilitoka Kinormani "cherise", na "pea", yaani njegere moja, ilitoka "pease". Katika yote mawili sauti ya mwisho ilidhaniwa kuwa alama ya wingi, ikakatwa. Mwalimu anayetaka kitu cha kushangaza darasa lake ana hapa mali tele, na mwanafunzi wa Kiswahili ataielewa haraka kuliko mwanafunzi wa London kwa sababu ngeli zimemfundisha kusikia viambishi.

Kipimo cha tatu, cha ndugu wa jirani, ndicho kinachotatua kisa chenye uzito kuliko vyote, cha nahau "rule of thumb". Kwa maana yake ya leo ni kanuni ya kukadiria, ya uzoefu badala ya kipimo kamili. Hadithi inayosambaa inadai kwamba ilikuwa sheria ya Uingereza iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba. Sheria hiyo haikuwahi kutungwa. Nahau imeandikwa tangu karne ya 17, na matumizi yake ya mwanzo yanahusu ujenzi na kazi za mikono zinazofanywa kwa kukisia. Mwaka 1782 jaji Francis Buller alihusishwa na kauli ya fimbo ya unene wa gumba, na mchoraji James Gillray akamchora kwa kejeli kama Jaji Gumba akiuza fimbo. Lakini nahau ilikuwa imetangulia kwa karne moja. Kuziunganisha mbili hizi kulienea miaka ya 1970 tu. Sasa waulize majirani. Kiholanzi huita inchi "duim", neno lilelile la kidole gumba. Kifaransa huita vyote viwili "pouce". Na pwani yetu? Fundi wa mashua na mshona mikeka walipima kwa wanda, kwa shibiri, kwa dhiraa, kwa pima. Mwili ulikuwa rula ya kila fundi kabla ya chuma na plastiki. Gumba la kwenye nahau ya Kiingereza ni dada wa wanda wetu.

Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa kuwa kusahihisha hadithi hii kunaweza kusikika kama kukanusha mateso. Ukatili ulikuwepo, na sheria iliufumbia macho: wanasheria wa Uingereza wa kale walimpa mume haki ya kile walichokiita maonyo ya wastani, na huko North Carolina, Marekani, mwaka 1868 kesi ya State dhidi ya Rhodes ilifika mahakama ya juu baada ya jaji wa chini kusema waziwazi kwamba mume ana haki ya kutumia fimbo isiyozidi gumba lake. Hayo yana maandishi, na yanapaswa kufundishwa kama yalivyo. Ukiyafungia ndani ya nahau ya mafundi unayadhoofisha, kwa sababu siku mtu atakapoonyesha kwamba nahau haihusiki, atadhani ameonyesha kwamba ukatili nao haukuwepo.

Watetezi wa hadithi hizi wana hoja tatu, na si za uzito mmoja. Iliyo nzito ni ya walimu: hadithi hushika kumbukumbu. Mwanafunzi aliyeambiwa kuhusu pande nne za dunia hatasahau tahajia ya "news". Nakubali, na sina ugomvi na mwalimu anayesema "hii ni mbinu ya kukumbuka, si asili". Ugomvi wangu ni pale sentensi hiyo inaporukwa. Isitoshe, historia ya kweli haina upungufu wa kunata. Chukua "salary". Inasimuliwa kwamba askari wa Roma walilipwa kwa chumvi. Neno kweli linatokana na "salarium", na ndani yake mna "sal", chumvi. Lakini askari wa Kaisari Augusto alilipwa dinari 225 kwa mwaka, sarafu, si magunia ya chumvi. Hakuna andiko la kale linaloonyesha mshahara wa chumvi. Mweke mwanafunzi hapo, kisha mwulize "mshahara" umetoka wapi. Umetoka Kiarabu, katika "shahr", mwezi: malipo ya kila mwezi. Mwanafunzi huyo ameondoka na maneno mawili, lugha nne, na njia ya kufikiri.

Hoja ya pili inasema asili haina uzito, matumizi ndiyo yanayoamua maana. Ni kweli. "Nice" lilimaanisha mjinga karibu mwaka 1300, kutoka Kilatini "nescius", asiyejua, na hakuna anayetukanwa nalo leo. Lakini tazama ni nani wanaosahau kanuni hii. Ni walewale wanaosema "history" ni "hadithi ya mwanamume" kwa sababu ya "his" iliyomo mwanzoni, ilhali neno ni "historia" ya Kigiriki, uchunguzi, na kiwakilishi cha Kiingereza hakimo kabisa. Ukitaka kusema historia imeandikwa na wanaume kwa kuwapuuza wanawake, una ushahidi wa maktaba nzima. Huhitaji silabi.

Ya tatu ndiyo dhaifu, na ndiyo inayosikika zaidi: hakuna aliyekuwepo, wataalamu nao wanakisia, na kama wahenga walivyosema, lisemwalo lipo. Hoja hii inachanganya kutojua kila kitu na kutojua chochote. Mchunguzi wa asili ya maneno mara nyingi hajui neno limetoka wapi, lakini anajua kwa hakika mahali ambapo halikutoka. Hiyo ndiyo maana ya "asili haina hakika" chini ya "posh": madai yamepimwa, mengine yameanguka, na yaliyobaki hayajatosha. Chukua pia "raining cats and dogs", mvua ya paka na mbwa. Barua pepe ya 1999 ilieleza kwamba wanyama walilala ndani ya paa la nyasi, mvua ikinyesha paa likateleza, wakaanguka. Mtu yeyote aliyeishi chini ya makuti anajua kwamba paa lililoezekwa vizuri limebanwa, linamwaga maji nje, na mnyama aliyejibanza ndani yake hana sababu ya kutoka wakati wa mvua. Maandishi nayo yapo: mshairi Henry Vaughan ana mbwa na paka wanaonyesha mwaka 1651, Richard Brome ana mbwa na vicheche mwaka 1653, na umbo la leo limo kwa Jonathan Swift mwaka 1738. Wote watatu wanalitumia kama tamko la kutia chumvi. Hatujui kwa nini ni paka na mbwa. Tunajua si paa.

Kipimo cha kweli cha uaminifu wetu, hata hivyo, ni neno linalotupendelea sisi. Kamusi kadhaa za Kiingereza zinasema "dengue", homa ambayo leo tunaiita kidingapopo, huenda ilitoka Kiswahili. Chanzo cha dai ni James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, aliyeandika juu ya homa iliyoitwa "kidinga pepo", iliyopiga kisiwa mwaka 1823 na tena 1870. Kwa maelezo yake, ugonjwa na jina vilivuka hadi Karibi katika mlipuko wa 1827, Waingereza wakasikia "dandy" na Wahispania wakasikia "dengue", neno lililokuwa tayari katika lugha yao kwa maana ya madaha, likawakaa kwa kuwa mgonjwa mwenye maumivu ya viungo hutembea kama mtu anayeringa. Ni hadithi nzuri, na inatupa heshima. Tatizo ni kwamba malkia María Luisa wa Hispania aliandika katika barua ya mwaka 1801 kwamba amepona "dengue". Njia ya miaka ya 1820 imekatika. Inawezekana neno lilivuka mapema zaidi. Inawezekana pia Wahispania walilitoa katika madaha yao wenyewe bila sisi. Tukiendelea kutangaza kwamba kidingapopo ndicho kilichoipa dunia jina la homa hii, tutakuwa tumefanya kilekile tunachowalaumu watu wa "posh".

Anayetaka kupima neno mwenyewe hahitaji chuo kikuu. Aanze na mwaka wa kwanza wa maandishi: Merriam-Webster huutaja bure, Etymonline hueleza njia kwa ufupi, na Oxford English Dictionary, iliyochapishwa kwa sehemu kati ya 1884 na 1928 na sasa kusomwa kwa ada mtandaoni, hutoa nukuu zenyewe kwa mpangilio wa miaka. Kisha atafute tahajia za zamani, kama "newes", kwa kuwa hapo ndipo hadithi za herufi huvunjika. Akitafuta katika Google Books aangalie mitego miwili. Jarida mara nyingi huwekewa mwaka wa toleo lake la kwanza, hivyo ukurasa wa 1960 unaweza kuonekana kuwa wa 1880. Afungue picha ya ukurasa na kusoma tarehe kwa macho yake. Pia, vitabu vya kabla ya 1800 vilichapa S ndefu inayofanana na F, na mashine huisoma vibaya, hivyo "such" hugeuka "fuch" na neno unalotafuta likajificha. Halafu aulize hadithi yenyewe ilianza kusimuliwa lini. Pengo la miongo kadhaa kati ya tukio na msimulizi wa kwanza, kama la tiketi za India, ni dalili mbaya. Akiiuliza akili mnemba, aiombe mwaka, jina la andiko na sentensi yenyewe, kisha aende akaifungue; hutokea ikatoa nukuu ambayo haimo popote.

Jambo hili linatugusa zaidi sasa kuliko miaka 20 iliyopita, kwa sababu mlango umefunguka upande wa pili. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford iliongeza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "nyama choma" na "chips mayai". Chini ya kila neno la namna hiyo mtu lazima aandike asili na tarehe. Vyanzo vipo: kamusi ya Kiswahili ya Krapf ya 1882, ya Sacleux ya 1939, gazeti la Mambo Leo tangu 1923. Maneno mengine yana ukoo mrefu kuliko tunavyodhani. Daladala inaelezwa kwa "dala", jina la mtaani la sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli mwanzoni mwa miaka ya 1980, na makondakta wakaipigia kelele vituoni. Mitaa ya Uingereza nayo iliita shilingi 5 "dollar", maana pauni moja ya shilingi 20 ilikuwa karibu dola 4. Na dola ni "thaler", sarafu ya fedha iliyoanza kupigwa karibu mwaka 1520 katika bonde la Joachimsthal, sasa Jáchymov huko Czech. Ile yenye sura ya Maria Theresa ilizunguka hadi Oman na pwani yetu. Kiungo kinachohitaji karatasi ni cha katikati, cha kondakta na sarafu yake. Magazeti ya Uhuru na Daily News ya miaka hiyo yamehifadhiwa, na makondakta wengi waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati ule wako hai, wana umri wa miaka sitini na kitu.